Ng'ombe Hana Meno ya Juu

Ndugu zangu, kuna wakati niliamini kwa moyo wote kwamba mbwa akichomwa sindano ya kuzuia kichaa anaanza kuwapenda wezi. Msicheke. Habari ilitoka mnadani: mbwa aliyechanjwa ulimi unakuwa mzito, na mwizi wa ng'ombe akiruka ua anapokelewa kwa mkia. Na sisi na wezi wa ng'ombe mnatujua. Mimi ndiye niliyeitangaza Kisaka nzima, tena nikaiongezea sayansi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nina ndevu, mke na watoto watano, na cheti nilikitundika juu kuliko picha ya harusi. Nikasema dawa inashuka kwenye mishipa ya sauti. Mwenye cheti atabishiwa na nani?

Siku ya chanjo watu walikokota mbwa wao kwenda uwanja wa shule. Mimi wangu nikamficha kwenye mahindi. Jirani yangu alimpeleka wake, na jioni ile ile nilipopita kwake mbwa alinibwekea mpaka nikadondosha kofia. Jirani akaniambia, "Mura, mbona ulimi bado mwepesi?" Nikamjibu dawa haijashuka.

Huyu jirani tulitenganishwa na ua wa minyaa tu. Alikuwa na mkono mrefu, mwembamba, nadhani angeweza kuchuma nyota bila ngazi. Ng'ombe wa mtu akishindwa kuzaa, aliitwa yeye, akamtoa ndama kama unavyotoa kitambaa mfukoni.

Miezi ikapita. Mbwa wangu akapigana na mbwa mgeni aliyekuja akiyumba kutoka upande wa porini. Baada ya wiki kadhaa wangu naye akabadilika. Akamng'ata mtamba wangu mdomoni, akashika barabara, vijana wakamuua. Nikasema jua lilimpanda kichwani.

Halafu mtamba akaanza. Mate yanamtiririka, sauti imekauka kama trekta bovu, shingo ameinyoosha kama anameza kitu kinachokataa. Nikatoa hukumu: gunzi limemkwama. Nikamwita jirani. Alikuwa anakata nyasi za kuezekea, akaja na kiganja kimechanika. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Mura, hakuna gunzi."

"Ongeza mkono."

"Nikiongeza nitatokea mkiani!"

Tukacheka. Nikaingiza na wangu, kuhakikisha. Kesho yake mtamba akafa.

Bwana mifugo wa kata alikuja, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Akakataza nyama isiliwe, watu wakanuna. Akauliza nani alimshika mdomo, akatutazama sisi wawili. "Naogopa ni kichaa. Kirusi chake kipo kwenye mate, na kinaingia penye mchubuko wowote. Osheni mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, halafu leo leo muende hospitali mkachanjwe. Kikishaanza kumsumbua mtu, dawa hakuna."

Watu walikuwa wamejaa. Nikasimama na cheti changu chote. "Bwana mifugo, sindano ni ya aliyeng'atwa. Ng'ombe hana meno ya juu! Huyu jirani kang'atwa na nini, na ufizi?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Jirani yangu alicheka akashika mbavu, na kiganja kile kile. Akarudi kwenye nyasi zake.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapoona aibu kusimama mbele yenu. Kesho yake alfajiri nilipanda pikipiki nikaenda hospitali. Maneno ya yule bwana yalikuwa yamekataa kunitoka. Nikachanjwa, nikarudi kwa kila sindano niliyopangiwa. Jirani akaniuliza mbona safari zimezidi. Nikamwambia mjomba wangu wa Nyangoto ana kesi ya shamba. Akaniombea safari njema. Ningemwambiaje kwamba mimi, niliyemchekesha kila mtu, naogopa mate ya ng'ombe?

Mvua zilipoanza, kiganja chake kilichokwisha kupona kikaanza kumwasha. Kisha maji yakamshinda. Mkewe akimsogezea kikombe, koo linakaza, mwili mzima unatetemeka, na kiu anayo. Hospitali walimpokea vizuri. Walimtuliza tu, zaidi ya hapo hawakuwa na la kufanya.

Msibani walisema amerogwa. Mimi nilikuwa napasua kuni. Nikaitikia kwa kichwa.

Mwaka ule sikuwa mtu. Mimi ambaye nikicheka mabati yanang'oka misumari, nilinyamaza. Nikanywa gongo hadi mke akanihama akarudi kwao. Nilizunguka mtaa mzima nisipite mlangoni kwa marehemu. Wazee wawili wa kanisa hili wakanifuata. Hawakunihubiria, walikuja na majembe, tukapalilia pamoja bila maneno. Siku ya tatu nikawamwagia yote. Mmoja akafuta jembe lake, akasema, "Sisi siyo wa kuambiwa haya. Nawa miguu, twende kwa mjane mwenyewe."

Wazee wangu, shikamooni, na asanteni. Bwana mifugo, ulirudi kwangu hata baada ya mimi kukufanya kichekesho. Mke wangu, umerudi, Mungu akubariki. Siku hizi siku ya chanjo mdomo huu ndio kipaza sauti, nawaita watu na mbwa wao hadi Wakenya ng'ambo ya mpaka wanasikia. Na nyie, mnyama akitoka mate ovyo, mikono nje ya mdomo wake. Akikugusa penye kidonda, osha, nenda hospitali. Na ukienda, mchukue mwenzako.

Nimalizie kwa mjane. Yupo pale, ameniruhusu niseme. Siku ile alikuwa anapepeta mtama. Nilimweleza gunzi, kicheko, safari za Nyangoto, yote. Nikapiga magoti nikalia, "Shemeji, nisamehe. Ningejua, nisingemzuia."

Akaweka ungo chini.

"Kukusamehe nitakusamehe, shemeji. Lakini usiseme hukujua. Ulijua. Ulikwenda kuchanjwa."