Mama Vitanda na Watalii Ambao Hawakuwepo

Tarehe 30 ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mkuu wa Kitengo cha Takwimu za Utalii anastaafu. Sisi wa kitengo tunamwita Mama Vitanda, maana ni vigumu kupata kitanda cha hoteli nchini ambacho hajauliza nani alikilalia. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike kwa uchangamfu na niachane na mambo yaliyopita. Uchangamfu nitajitahidi. Hilo la pili asahau.

Alianza kama karani wa kuingiza takwimu, akiwa mjamzito, katika chumba ambacho feni yake ilizunguka pale tu mtu alipoigonga kwa mpini wa ufagio. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kupima tetemeko la ardhi linaufanyia nini utalii: wageni wangapi wameahirisha safari, mji gani umekimbiwa, na inachukua muda gani watu kurudi. Majedwali yanayoletwa na hoteli hayakumtosha. Akifika mahali, kabla ya kwenda mapokezi, anazunguka kwanza nyuma kutazama kamba za kuanikia nguo. Siku moja mlinzi alimshika akidhani ni mwizi wa shuka, akamkalisha kwenye benchi la getini mpaka meneja alipomaliza kula. Alitusimulia mwenyewe, mbavu hana.

Basi kamba hizo ndizo zilizotuumbua. Mtakumbuka lile tetemeko lililovunja mji wa milimani, ule wenye ngome na mapango. Baada ya miezi michache, ofisi yetu ikatoa takwimu kwamba utalii wa pale umepanda. Umepanda, eti. Ni kweli hoteli zilizobaki zimesimama zilijaa mpaka kwenye korido, na kwa utaratibu wetu kila aliyelala hotelini alihesabiwa mtalii. Mama Vitanda akapanda gari kwenda kuona. Kwenye kamba akakuta sare za waokoaji zimeganda saruji, na nepi, safu kwa safu. Waliolala mle ni waokoaji, waandishi wa habari na familia zilizobomokewa na nyumba. Mtu amefukua watoto wake kwenye kifusi, sisi tumemwandika kuwa amekuja kustarehe. Nikiliwaza hilo bado damu inanichemka.

Alirudi ofisini akawatenga wageni hao kundi kwa kundi, na watalii wa kweli wakaonekana kuwa hawapo kabisa. Lakini mkubwa wetu wa wakati ule alikuwa ameshatangaza habari njema kwenye televisheni, na kumeza maneno yake hakutaka. Kwa kuwa utalii "umepanda", waongoza watalii na wapishi wa mji ule wakanyimwa msaada waliopewa wengine waliopoteza kazi. Mdogo wake Mama Vitanda alikuwa mmoja wa waongoza watalii hao. Mkubwa akalidaka hilo, akasema mbele ya kikao kwamba mama anampigania ndugu yake wa tumbo moja. Mama akamwambia, kwa sauti ileile ya siku zote, kwamba kama tatizo ni huyo, basi amwache huyo na awape wengine wote. Alichopewa ni uhamisho, miaka miwili kwenye stoo ya vipeperushi. Mdogo wake naye aliposikia ametolewa sadaka, akanuna, na mpaka leo wakisalimiana ni kwa simu, tena kwa ufupi.

Alirudishwa kitengoni kwa sababu kazi ilikuwa imewashinda waliobaki. Leo kila mgeni wa hoteli anaulizwa amekuja kufanya nini kabla hajaitwa mtalii, na swali hilo ni la kwake.

Sasa sikieni kilichonichefua. Takwimu sahihi za mji wa milimani zimekubaliwa hatimaye, na waliodhulumiwa wataweza kudai haki yao. Zitazinduliwa mwezi ujao, yeye akishaondoka, na juu ya jalada pameandikwa "jopo la wataalamu", jina lake halimo. Jopo lenyewe lilikuja mezani kwake kuuliza lianzie wapi. Akawavutia viti, akawafundisha. Mimi moyo huo sina, na wala siutaki.

Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, alisema apewe nakala ya kwanza, aipeleke mwenyewe kwa mdogo wake. Akajibiwa kwamba taarifa ni siri mpaka izinduliwe, na siku hiyo yeye hatakuwa mtumishi tena. Ofisi imemnunulia seti ya sufuria.

Mama, asante kwa kutulea na kwa kukataa kutudanganya. Tunakuombea afya, wajukuu watundu na usingizi mnono. Ila siku ya uzinduzi usilale sana. Kitengo kizima tumeomba likizo, gari tumepata, na nakala tutakuwa nayo mkononi. Tutakupitia asubuhi twende kwa mdogo wako.