Bi Loyce, Viini na Mayai ya Nyakitonto

Bi Loyce Nicodemus anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya kituo chetu cha mimea hapa Kasulu, na mimi ndiye niliyemfundisha kutumia hadubini. Haya, msicheke sana. Nilimwonyesha soketi yenye umeme, basi. Mimi ni mtu wa bustani. Shule iliniacha darasa la nne.

Alitoka Lushoto na nguo nyepesi, kaambiwa Kigoma yote ni joto. Wiki ya kwanza alivaa koti langu la mvua.

Adui yake ni ukungu wa maji, ule unaounguza majani ya viazi. Anasema mwili wake ni mrija usio na vyumba, umejaa viini, na kila kiini hugawanyika kuwa viwili bila kuvua hata ngozi yake. Vina adabu kuliko baadhi yetu.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi ukungu uliingia pembe ya shamba la mbegu la kina mama wa Nyakitonto. Bi Loyce akataka pembe nzima ing'olewe, hata mashina mabichi, la sivyo shamba lote lingekwisha. Wakakataa. Akawaahidi kwamba kesho yake angewaonyesha viini vinavyogawanyika.

Kesho yake wakaja na vikapu vya mayai. Mwenyekiti wao, Mama Claudine, akamwambia, "Mtaalamu, viini tumeleta. Kugawanya ni juu yako, na sisi tuko wengi!"

Mwingine angenuna. Bi Loyce alicheka mpaka akakaa chini, kisha akapasua mayai kwenye bakuli moja: viini vingi, nyumba moja, hakuna ukuta. Akaeleza kuwa majani yakilowa, ukungu hutoa vifuko. Kifuko kikipasuka, kila kiini hutoka na mikia yake, kikaogelea kutafuta jani jingine.

Wakaelewa, ila hakuna aliyetaka kuanza. Nami nilikuwa na matuta mawili ya viazi katika pembe ileile. Bi Loyce akaninong'oneza neno. Nikashika jembe, nikang'oa yangu huku nalalamika. Mama Claudine akafuata, kisha wote. Shamba likapona, mbegu zikafika hadi Buhigwe. Mayai tulikaanga.

Asante, Bi Loyce. Lushoto ikupokee kwa shangwe, magoti yasikusumbue, na wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi. Ila lile neno ulilonong'ona lilikuwa "debe moja la mbegu, Mzee, nitakurudishia." Gari lako halijaondoka, na matuta yangu nimeshalima.

Manirambona, bustanini