Mkopo Usiotoka Chumbani

Benchi letu liko nje ya saluni ya Kinyozi, linatazamana na duka la Bosi Magodoro, na ugonjwa wetu unaanzia hapo: huwezi kunywa kahawa bila kumwona. Asubuhi ile alishuka kwenye gari jipya, akatupungia mkono wenye saa. Kinyozi akaungua ulimi, na kahawa yenyewe ilishapoa.

— Faida anapata, kodi halipi! Kwa nini yeye tu?

— Kampuni yake ina deni, akasema Fundi Viatu. Inalipa riba. Riba inakatwa kwenye faida, kinachobaki cha kutozwa kodi ni kiduchu.

— Nani anaidai?

— Kampuni yake nyingine. Hela inatoka mfuko wa kushoto, inaingia wa kulia. Suruali ileile!

— Mimi ninazo suruali mbili, nikadakia.

— Wewe nyamaza, ya pili umeazima.

Kinyozi akachungulia dirisha la saluni, mteja alikokuwa akimngoja, akashusha sauti.

— Basi na mimi nimekopa. Kwa mke wangu. Kanikabidhi hela, nikamwachia anitunzie. Haikutoka hata chumbani! Ila saini tumeweka, na riba tumeipandisha nono.

— Na huyo bwana wa kodi uliyemwacha ndani na povu kidevuni? nikauliza.

— Ndicho kilichomleta. Anauliza kama mkopo ni wa kweli. Nimemwapia. Akiukataa, kodi yote na faini juu, saluni kwaheri.

— Kumbe rahisi hivyo! Fundi Viatu akaruka. Mguu wangu wa kushoto utaukopesha wa kulia!

— Mimi nakopa kwa marehemu mama mkwe, nikasema. Yule hata akidai, sisikii.

Tukiwa bado tunacheka, mke wa Kinyozi akatokea na kikapu.

— Hamjambo shemeji zangu?

— Hatujambo, shemeji.

— Baba watoto, riba yangu ya mwezi huu iko wapi?

— Riba gani tena, mama? Si tulikubaliana ile ni ya...

Dirishani pakachomoza kidevu cheupe kwa povu.

— Ya nini? akauliza mkewe. Malizia.

Kinyozi akamtazama mkewe, akalitazama povu, akatutazama sisi. Sisi tukatazama vikombe. Fundi Viatu akainua birika, tupu.

Polepole, kama mtu anayejing'oa jino, Kinyozi akatoa pochi, akahesabu noti. Shemeji akapokea, akatia kifuani, akaondoka zake bila kugeuka. Povu likarudi ndani.

Fundi Viatu akasonya.

— Mwone! Jana tulikuwa sawa. Leo mwenzetu ana mkopo wa kweli.