Ganzi ya Kinyozi

Mnanichosha. Kila mwenye pua anakuja nisimulie tena, kana kwamba mimi ndiye niliyechomwa. Haya, hii ni mara ya mwisho. Kibarazani kwa mshona viatu, mtoto wa kaka yangu, nilikuwa nikipika kahawa kama kila asubuhi. Mwenye kibaraza alikuwa ametokwa damu puani mwezi mzima, na saa nne alitakiwa zahanati achomwe kimshipa cha puani kilichopasuka, damu ikome. Pembeni yake walikaa kinyozi, tunayemwita Profesa kwa sababu hanyamazi, na fundi saa, tunayemwita Dakika kwa sababu hajawahi kuwahi popote.

—Watanitia pamba yenye dawa ya ganzi kwanza, shangazi, akasema mshona viatu. Hata sitasikia.

—Pamba! Profesa akacheka. Pua kama hiyo inataka godoro.

—Usiitukane pua ya ukoo wetu, nikamwambia.

—Siitukani, bibi. Ndiyo maana nimempa ganzi yangu, ile ninayopulizia masikio ya wanaotoga. Keshajipulizia puani. Haba na haba hujaza kibaba.

—Kweli kabisa, akadakia Dakika. Na ukitoka huko, unywe kahawa ya moto papo hapo, iisukume ganzi chini. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

—Nilipong'olewa jino, nikasema, niliutafuna ulimi wangu nikidhani ni mkate. Koo lililokufa ganzi litajuaje njia ya kahawa na njia ya pumzi?

—Bibi, mambo yameendelea! Pua ni barabara kuu ya ubongo. Ukiijaza sawasawa, mtu anakatwa hata kidole huku anapiga mluzi.

Mshona viatu akajigusa mdomo.

—Midomo inanichezacheza. Na masikioni kuna nyuki.

—Si mnaona? Inafanya kazi! Profesa akajipiga paja.

Mama mmoja alikuwa amesimama hapo, kiatu mkononi, kisigino kimebanduka. Hatukumjua.

—Samahani, kaka zangu. Huyo wa zahanati atapimaje dawa yake, wakati hajui ninyi mmeshaweka kiasi gani?

—Umepulizia mara ngapi? nikamuuliza mtoto wa kaka.

—Sikuhesabu, shangazi.

—Profesa, hiyo dawa nguvu yake kiasi gani?

Profesa akaigeuzageuza chupa. Karatasi yake ya maelezo ilishabanduka zamani.

Nikazima jiko. Mkono mmoja nikaushika mimi, wa pili Profesa, tukamkokota mgonjwa hadi zahanati, chupa imo mfukoni mwangu.

Nilipompa chupa na kumweleza, muuguzi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

—Ndani ya pua dawa hunyweka upesi, akasema. Tunaipima kwa uzito wa mtu. Ningemwongezea yangu juu ya hii, angeweza kupata degedege, au moyo ukasimama. Chochote mlichojitia nyumbani, semeni kabla sijagusa pamba.

Hakuchomwa siku ile. Alilala na nyaya za kupimia moyo kifuani hadi nyuki walipotoka masikioni, na wakamkataza kula na kunywa mpaka koo lirudi. Akapangiwa wiki mbili mbele.

Siku hiyo ilipofika, Profesa alifunga kibanda chake cha kunyolea, akapanga foleni tangu alfajiri kumshikia nafasi mtu aliyemponza. Nilimpa sharti moja: kila atakayemuuliza anaumwa nini, amweleze kosa lake lote, bila methali. Walimuuliza watu kumi na tisa.