Bernadette Kulpa, Aliyemchagua Kijana wa Benchi

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi kutoka hapa Buffalo. Theluji imeanza kuyeyuka barabarani, na najua wengi wenu mko jikoni na kahawa. Kaeni nami kidogo. Leo tunamkumbuka Bernadette Kulpa.

Bernadette alifariki Jumanne, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Kwa muda mrefu alikuwa mkuu wa uteuzi wa wachezaji katika timu yetu ya mpira wa kikapu, Mabaharia. Yeye ndiye aliyemchagua Marquel Yancey. Narudia, maana wapo waliosahau. Marquel hakuletwa na kocha, wala na mwenye timu. Aliletwa na Bernadette.

Alikuwa binti wa muuza soseji wa mtaa wa Kaisertown, hapa mjini. Baba yake alimtaka abaki dukani. Yeye alikuwa akifunga soseji huku sikio liko redioni, akisikiliza mechi. Akawa mwalimu wa michezo, kisha kocha wa wasichana, mwishowe timu ikamwajiri.

Kijana wa kwanza aliyetuchagulia ni Orlando Tibbs. Orlando akawa nahodha wetu, akatupa ubingwa. Lakini miaka haikumsubiri. Mnaikumbuka ile timu. Wakati huo Orlando ana miaka thelathini na saba, na wenzake nao si vijana. Mechi ikiisha, wanakaa wamepanga mstari, miguu kwenye ndoo za barafu. Tuliwapenda sana. Na tulikuwa tunafungwa na kila anayepita.

Kila mwaka timu za ligi huchagua vijana wapya kwa zamu, na zilizofanya vibaya hutangulia. Mwaka ule sisi tulikuwa wa nne kuchagua. Mji mzima ulimtaka mfungaji mmoja wa chuo kikubwa, ambaye picha zake zilikuwa kila mahali. Bernadette akapanda ndege kwenda Nebraska kumtazama mwingine.

Huyo mwingine ndiye Marquel. Siku hiyo alicheza ovyo, kocha akamtoa. Hakununa. Kila mpira uliposimama, alimwita mwenzake aliyechukua nafasi yake. Bernadette alikuwa ameketi nyuma ya benchi, akamsikia: "Yule namba tisa, kabla hajaenda kulia huwa anatazama chini. Msubiri hapo hapo." Mwenzake akasubiri, akapora mpira.

Bintiye Bernadette, Renata, anaikumbuka simu aliyopigiwa siku hiyo. "Mama aliniambia, 'Nimempata. Leo kacheza vibaya kweli, lakini nimempata.'"

Shida ikaja kwenye vipimo. Daktari hakulipenda goti la Marquel. Mwenye timu akamwita Bernadette.

"Ukikosea hapa, mnaondoka wote wawili."

"Yeye atakuwa na mkataba," Bernadette akajibu. "Nitaondoka peke yangu."

Akamchagua. Kesho yake Orlando akaingia ofisini kwake bila kubisha hodi. Hili amenisimulia Orlando mwenyewe. Alimwambia, "Mama, yaani umeniletea mtu wa kunizika?"

"Nimekuletea miguu," Bernadette akasema. "Akili ya mchezo unayo wewe. Mfundishe."

Orlando akatoka bila kuaga.

Miezi ya kwanza ilikuwa migumu, wasikilizaji. Marquel alikosa mitupo ya wazi. Tulimzomea. Mwanamume mmoja alimkuta Bernadette kwenye duka la mikate akamuuliza, "Bibie, ule mlingoti wako mrefu uwanjani unapeperusha bendera gani?" Bernadette akacheka, akanunua mkate wake, akaenda kukaa garini. Renata anasema alikaa humo mpaka vioo vikaingia ukungu.

Halafu Januari, Marquel akaruka, akaanguka, akashika goti. Lile lile. Gari la wagonjwa likaitwa.

Bernadette alifika hospitali akiwa na maombi mdomoni. Kwenye ukumbi akamkuta mtu amesimama, jezi imelowa jasho, koti kalitupia begani. Alikuwa Orlando. Alikuwa amepanda gari la wagonjwa pamoja na Marquel.

Wakangoja. Mwishowe daktari akatoka. Goti limepata mshtuko tu. Hakuna kilichochanika. Baada ya wiki chache atacheza.

Bernadette akaketi, akavua viatu, akanyoosha miguu katikati ya ukumbi kama yuko sebuleni kwake. Orlando akaingia chumbani kwa Marquel.

"Dogo, unataka nife kwa presha kabla sijastaafu?"

"Usife kwanza, kaka," Marquel akamjibu. "Bado sijajua kulinda upande wa kushoto."

Kuanzia hapo Orlando akawa anabaki naye baada ya mazoezi. Msimu uliofuata aliomba mwenyewe kuanzia benchi, Marquel aanze. Tukaingia mtoano, jambo tulilokuwa tumeshalisahau. Orlando akastaafu kwa miguu yake mwenyewe, uwanja umesimama. Jana aliniambia, "Yule mama alinipa miaka miwili ambayo mwili wangu haukuwa nayo."

Bernadette naye akastaafu kwa hiari yake. Hakuna aliyemfukuza.

Jumapili iliyopita, siku mbili kabla hajafariki, alitazama Mabaharia kwenye televisheni, na Renata kando yake. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi chache tu. Marquel ndiye nahodha sasa. Renata akageuka, akamwona mama yake amelala.

"Maisha yangu yote," Renata ameniambia, "sijawahi kumwona mama akisinzia mechi ikiendelea. Alikuwa akisimama, akizunguka kochi, akiwasemesha wachezaji. Nikapunguza sauti, nikamfunika blanketi. Nilifurahi kumwona amepumzika."

Renata, na familia yote ya Kulpa, poleni sana. Mji huu unalia nanyi, na unashukuru.

Na wewe unayenisikiliza, uliyekaa kwenye kazi yako mpaka magoti yanauma, mtazame leo yule mgeni aliyeletwa karibu na kiti chako. Huenda anangoja tu umwambie yule namba tisa anatazama wapi.