Mkono wa Kamasi

Assalaam alaykum. Wazee mlioko barazani, na nyinyi mama zangu huku ndani, nimeombwa niseme kabla bwana wa chanjo hajafika skuli kesho, na nitasema. Kama yupo aliyekula sasa hivi na tumbo lake jepesi, na atoke kidogo, maana habari yangu ina kamasi ndani yake.

Mnaukumbuka mwaka ule wa homa ya mafua, ile iliyoshuka na meli kutoka Unguja ikapita nyumba hata nyumba. Mume wangu alikuwa kwenye kambi ya karafuu huko kaskazini. Mie nilibaki na wanangu wawili: wa kike, ndio kwanza kaanza skuli, na mdogo wa kiume, bado namnyonyesha. Yule wa kike kifua chake tangu kuzaliwa si kizuri. Khofu yangu ilikuwa hiyo moja tu, homa ile isimfike.

Skuli ilipewa amri zake. Bwana wa dispensari alikuja na baskeli yake, akawakusanya walimu na wazazi uwanjani, akasema maneno mepesi. Mtoto mwenye homa abaki kwao. Kata ya mtungini isinywewe na wote, kila mtoto aje na kifuu chake. Na kwa muda huu watoto waache kubusu mikono ya walimu. Wakiamkia, waweke mkono kifuani, inatosha. Mwalimu mkuu aliitikia kila neno, naam, naam. Nikarudi nyumbani moyo umetua.

Sasa tusidanganyane. Kwetu mtoto hampiti mkubwa bila ya kumbusu mkono, na mwalimu ni mzazi na zaidi. Mie nimelelewa hivyo na nimelea hivyo. Lakini asubuhi iliyofuata nilimpelekea binti yangu kifuu chake alichokisahau, nikayaona kwa macho yangu. Watoto wamepanga safu mlangoni. Mwalimu mkuu kaketi kitini, macho mekundu, homa keshaipata yeye. Kamasi zinamtiririka. Anazifuta kwa mgongo wa mkono wa kulia, hivi, kisha mkono ule ule anautoa, mtoto anainama, anabusu. Anapiga chafya, anafuta, anautoa tena. Mwengine anabusu. Na ule mkono unang'aa, ndugu zangu, una ute. Mpaka leo nikikata bamia naukumbuka, nakiacha kisu.

Lakini nilimsogelea kwa heshima zake zote, nikamwuliza kwa sauti ya chini, mbona bwana wa dispensari kasema vile. Akanitazama kama nimeingia msikitini na viatu.

"Adabu haina likizo, bibi," akanijibu mbele ya watoto. "Mtoto asiyenibusu mkono, hana radhi zangu."

Radhi za mwalimu. Nani humu hajatishwa kwa neno hilo? Nikaenda kwa wazee wa kamati ya skuli. Mmoja wao alinisikiliza huku anakoholea ndani ya kofia yake, kisha akaivaa. Nawaambia kweli, akaivaa. Wakasema mambo ya skuli si ya wanawake, na mume wangu akirudi ataambiwa nilivyomvunjia mwalimu heshima. Nilitoka pale najihisi mchafu mie, wakati uchafu ulikuwa wao.

Kesho yake binti yangu aliweka mkono kifuani kama nilivyomfunza. Akasimamishwa juani mpaka akabusu. Alipofika nyumbani alikuwa anajifuta mdomo kwa upindo wa kanga yangu, hataki kuacha. "Mama," akaniambia, "ulikuwa majimaji."

Sikumpeleka tena, lakini homa ilikuwa ishaingia. Ilimwanza yeye, ikaja kwangu, ikaja kwa mdogo. Na majirani, Mungu atusamehe sote, wakasema ni radhi za mwalimu zimetupiga. Mama mkwe wangu alituma mtu kuniambia niende nikaombe msamaha. Mie hata maji kisimani siwezi kuyafuata, nitakwenda kuomba msamaha wa kitu gani? Nililala chini baina ya wanangu, huyu anakoroma kifua, yule hataki ziwa.

Waliokuja ni wanawake wawili. Bibi mmoja mzaliwa wa Vitongoji, jirani yangu, alijifunga kanga puani, akaingia, akachemsha maji, akatupikia uji wa mchele na kuninywesha kama mtoto. Na mke wa Mhindi mwenye duka, ambaye siku zote tulijuana kwa sukari na chumvi tu, aliweka ndimu na tangawizi dirishani kila alasiri. Binti yangu alianza kupata nafuu mikononi mwa yule bibi. Mdogo alizidiwa, alfajiri moja akakata roho, na kabla ya adhuhuri wakaja kumchukua kumzika. Hajawahi kuiona skuli, wala hajabusu mkono wa mtu.

Siku ya hitma, tulipomsomea mdogo, mwalimu mkuu alikuja kutupa pole. Kanzu imepigwa pasi, nyeupe. Akasimama mlangoni, akasema haya ni majaaliwa ya Mungu. Akakohoa, akafuta mdomo kwa mkono. Kisha akamwona binti yangu, mifupa mitupu, kanishika kanga, akamnyooshea mkono ule ule abusu. Na mtoto akaanza kuinama.

Nikasimama baina yao. Mume wangu, aliyekuja mbio kutoka kambini kwa msiba, alikuwa barazani, wazee wa kamati wako hapo hapo, wote wanasikia.

"Mwalimu, rudisha mkono wako," nikamwambia. "Huyu ndiye niliyebakiwa naye."

Mkono ukabaki hewani. Akawatazama akina mama, anangoja mmoja aniambie nyamaza. Hakuna. Yule bibi wa Vitongoji akamwambia taratibu, weka kifuani, mwalimu. Akauweka. Na binti yangu akaweka wake. Wazee walipomshika mume wangu kule nje wamsimulie ulimi wangu, aliwajibu kwamba kaburi alilotoka kulisomea ni la mwanawe. Juma lile safu ya kubusu ilivunjwa, na watoto wakaenda na vifuu vyao.

Namshukuru Mungu. Namshukuru bibi yangu yule na mke wa mwenye duka. Wanajijua, na wanajua siwezi kuwalipa. Binti yangu ni mzima, ndiye aliyewagawia maji mlipoingia.

Kesho inakuja chanjo ya ndui, na nishasikia minong'ono kwamba mwalimu haitaki skulini kwake, na kwamba niende mie nikaseme kwa kuwa ulimi ninao. Mkubwa akikosea huambiwa, kwa adabu, wala radhi hazikatiki kwa hilo. Lakini siendi peke yangu. Mara ya kwanza nilimwambia nikiwa peke yangu, akanishinda. Mara ya pili nyumba yangu ilikuwa imejaa nyinyi, akashindwa yeye. Ila mlikuwa mmekuja matangani.