Mdogo Aanze Kusema

Bwana Mkubwa wa boma hili, bwana Akida, majumbe mliotoka mbali kwa miguu, walimu wa misheni na walimu wa Kurani, wazee wenzangu wanne wa baraza, kina mama mlioketi pale ukutani, na ninyi wafungwa mliosimama na mitungi ya maji nyuma ya wageni: nawasalimu nyote, na ninyi wa mwisho nawasalimu mara mbili.

Mniwie radhi, nitasema nikiwa nimekaa. Kifua changu hakitaiona masika, na mganga wa misheni hakunificha.

Katika kuniaga leo, Bwana Akida amenisifu hadi nikageuka kutazama kama kuna Bartolomayo mwingine nyuma yangu. Amesema kwamba tangu baraza hili lilipoanza kumsaidia Bwana Mkubwa kukata mashauri, sisi wazee watano hatujapingana hata mara moja. Mmepiga makofi. Lakini nawauliza, ndugu zangu: watu watano, wenye mashamba tofauti, wake tofauti na uchungu tofauti, wanawezaje kukubaliana katika kila shauri, mwaka baada ya mwaka? Hamkuona ajabu? Mimi sikuona. Nilidhani ndiyo heshima.

Kwa baba yangu, kule Kibakwe, walipokaa kuamua jambo la ng'ombe au la mipaka, mdogo ndiye aliyeanza kusema. Alikosea, wakamcheka, akafuata wa juu yake, na mkubwa wa wote alisema mwisho, akiwa ameshawasikia wote. Baba alikaa kimya mpaka ugali ukapoa. Hapa bomani, Bwana Mkubwa, kwa nia njema na kwa kuheshimu mvi zangu, ulianza na mimi. "Mzee Bartolomayo, unasemaje?" Nilisema. Kisha ukawauliza wenzangu mmoja mmoja, nao wakajibu, "Kama alivyosema mzee." Ukaandika kwamba wazee watano wameafikiana. Mimi niliyekulia kwenye kikao cha baba yangu niliujua utaratibu wetu, wala sikukwambia. Ilikuwa tamu kuulizwa wa kwanza.

Marehemu mke wangu Ruthu alikuwa akiniuliza nikirudi, "Mmeamuaje?" Namwambia, "Tumeamua afungwe." Siku moja akaniambia, "Mnaamua watano, mbona anayekosa usingizi ni mmoja?" Sasa hayupo wa kuniuliza, na nyumba yangu ina viti vingi kuliko watu.

Kiangazi kilichopita aliletwa hapa Matonya. Ng'ombe wa nyumba ya Sila alikutwa zizini mwa Matonya, sikio limekatwa alama ya nyumba ya Sila. Sila akasema ameibiwa. Matonya akasema ng'ombe huyo alipewa na marehemu baba yake Sila amtunze: maziwa yawe yake, ndama wawe wa mwenye ng'ombe. Shahidi? Hana. Bwana Mkubwa akanigeukia. Nikasema, "Alama haidanganyi. Ameiba." Na wanne wakasema kama nilivyosema. Matonya akapigwa viboko hamsa ishirini, akatiwa mnyororo, akapelekwa kuvunja mawe kwenye barabara ya Dodoma.

Mwezi uliopita, nilipokuwa sitoki kitandani, Petro, ambaye ndiye mdogo wetu barazani, alikuja kunijulia hali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kupima kaburi?"

"Nimekuja kutazama kama bado unakohoa. Pale barazani, ukikohoa tu mtu anafungwa."

Tulicheka wote wawili, mimi nikaumia mbavu. Kisha nikaona yeye ameacha kucheka. Akasema, "Baba, ng'ombe yule alikuwa wa kutunzwa. Nilikuwapo marehemu alipomkabidhi Matonya. Alimfunga kamba kwa mkono wake mwenyewe."

"Na hukusema!"

"Ulikuwa umeshasema, baba. Nikupinge wewe, mbele ya Mzungu? Nikajiambia, mzee huyu amesoma, labda anajua jambo nisilolijua."

Nikamwita Elieza, anayenifuata kwa umri. Elieza akaniambia naye alikuwa na mashaka, ila alipowaona wadogo wametulia, akajua hawana neno. Wadogo walikuwa wakimtazama Elieza. Elieza alikuwa akinitazama mimi. Na mimi, ndugu zangu, nilikuwa namtazama nani? Nilitazama sikio la ng'ombe.

Basi hili ndilo ninaloungama nikiwa bado na pumzi. Baraza la wazee watano halijawahi kukaa hapa. Alikaa mtu mmoja, amezungukwa na watu wanne wenye adabu. Katika maisha yangu yote sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa katikati yao. Sikuwauliza. Nao hawakuniokoa, na siwalaumu. Nani amemfundisha mtoto wetu kumkatiza mkubwa?

Mtasema ningemwendea Bwana Mkubwa faraghani. Niliwahukumu watu hadharani, na nirudishe maneno yangu hadharani. Bwana Mkubwa, waweza kukasirika. Mnyororo huo ukinivika mimi utateleza, shingo yenyewe imebaki kamba.

Juzi uliniuliza ningependa kupewa nini siku ya kuniaga, ukataja joho. Nakushukuru, lakini sitalivaa likachakaa. Naomba shauri la Matonya lirudiwe, hapa, leo. Sila yupo, namwona amevaa kanzu mpya. Matonya yupo, ametolewa barabarani leo kubeba mitungi; ndiye aliyewanywesha maji tangu asubuhi, na wengi wenu mmepokea kata bila kumtazama usoni. Mkewe, Loisi, amekaa pale ukutani na mtoto ambaye baba yake hajambeba. Wazee wapo watano. Ombi langu ni kwamba safari hii tuulizwe kama kwa baba yangu.

Matonya, mwanangu, tua huo mtungi.

Nawashukuru kwa kuja, kwa makofi yenu na kwa uvumilivu wenu kwa mzee mwenye kikohozi. Sina zaidi. Bwana Mkubwa akiridhia, nitafumba mdomo, niwasikilize wenzangu kwa mara ya kwanza, na zamu yangu ikifika nitasema mwisho.

Petro, simama. Wewe ndiye mdogo. Uliona nini?